Nguo Imerudi

Dobi na mkewe, fundi cherehani, walikuwa na ugomvi mmoja tu, nao hauishi. Kila gauni la mke lilipombana, lawama zilimwangukia dobi.

"Umelichemsha tena, bwana wee! Nguo imerudi!"

"Imerudi vipi? Nimeifua kwa maji baridi."

"Basi mimi mwongo!"

Nani abishane na fundi mwenye mkasi mkononi? Dobi alirudi kwenye pasi yake, yaishe. Mkewe akafumua mishono ya ubavuni, akalipanua gauni, akavaa. Wateja nao wakamsifu: umenawiri, shoga, mambo si haba! Alicheka mpaka pumzi ikamkatika. Ni mwanamke wa mwili tangu zamani, na ugonjwa wa sukari wamezoeana miaka mingi. Nani angeshtuka?

Lakini dobi alikuwa na macho. Mkewe sasa alilala ameegemea mito, karibu na kukaa. Soksi zilimwachia alama nzito miguuni. Akitoka jikoni kwenda kwenye cherehani alisimama njiani, akijifanya anatafuta sindano. Dobi alitaka kusema, ila kumsema mkewe juu ya mwili wake ni kutia mkono kwenye mzinga wa nyuki.

Siku moja fundi alimaliza kujishonea gauni jipya la kijani. Kulijaribu, halikufunga kiunoni.

"Wewe! Nguo ime..."

Akalitazama tena. Gauni lile lilikuwa halijaona maji.

"Hili sijaligusa, mke wangu," dobi alisema taratibu. "Twende hospitali. Naogopa."

Hakuwahi kumwambia hivyo tangu waoane. Fundi aliliweka gauni kando. Alitafuta kandambili, maana viatu vilikuwa havimwingii tena.

Daktari alipomaliza vipimo alisogeza kiti. "Mama, moyo wako umechoka. Sukari ya muda mrefu imeukakamaza. Unene nao unauzidishia kazi, na mafuta yaliyouzunguka yanaubana. Kimoja peke yake ni mzigo. Vikishikana, moyo unashindwa kulegea upokee damu vizuri, na maji yanabaki mwilini. Hayo ndiyo yanayokubana."

"Na mimi namsingizia dobi wa watu," fundi alisema, machozi yakimtoka.

Walirudi na dawa za kutoa maji, za moyo na za sukari. Daktari hakuwadanganya: moyo huo utatunzwa, hautakuwa mpya. Chumvi ikapungua, wakaanza kutembea jioni, polepole, hadi kona na kurudi. Fundi alinung'unika kwamba chakula chapwa hivi ni cha wafungwa. Alinung'unika, lakini alikula.

Asubuhi moja dobi alikuwa akipiga pasi. Mkewe akasimama mlangoni amevaa gauni la kijani; limefunga, na kitambaa cha kiunoni kimezidi hadi anakishika mkononi.

"Haya, dobi, umelifanyaje hili? Limelegea!"

"Nimelifua tu." Aliiacha pasi juu ya shati, akamtazama. "Safari hii nguo haikurudi, mke wangu. Umerudi wewe."

"Angalia pasi, unaunguza shati la watu," fundi alisema, lakini hakuondoka mlangoni.