Ufito Unaosikia Kila Kitu

Dukani kwa Purvis, muuza vifaa vya uvuvi hapa mjini kwetu Grenada, nilikuwa natafuta ufito wa kuundia fimbo yangu mwenyewe ya kuvulia krapi. Samaki huyo huonja chambo kama mgonjwa anavyoonja uji. Usipomsikia upesi, ameshatema. Basi nikawa naegemeza ncha ya kila ufito kooni nipime mtetemo wake, mke wangu Vernetta akikwaruza mwisho wa pili kwa ukucha, nami nimefumba macho kama askofu.

"Huu," nikasema hatimaye. "Huu unasikia kila kitu."

"Shemeji," Purvis akamwambia Vernetta, "angalau sasa nyumbani kwako kitakuwepo kinachosikia."

Fimbo ilipokamilika, tukaenda ziwani. Mara tulipoishusha mashua majini, Vernetta akaniita. Nikainua kidole anyamaze, maana nilikuwa nafunga chambo.

Katikati ya ziwa nilisikia kisiki, nikasikia jani, nikasikia hata mapigo ya moyo wangu, nikayavuta kwa nguvu nikidhani ni krapi.

"Mume wangu," Vernetta akasema, miguu kaipandisha kitini, "hiyo fimbo haijakuambia kwamba soksi zako zimelowa? Kizibo cha tundu la chini ya mashua hiki hapa. Ndicho nilichokuwa nakuitia."