Mwizi wa Mayai ya Njiwa

Asikwambie mtu, lile banda la njiwa lilikuwa ikulu ya ua mzima. Baba alilitundika ukutani mwenyewe, enzi hizo anafanya useremala na magoti bado yanamtii. Sasa anahamia kwa binti yake mdogo, Kasuku, na asubuhi hiyo wakaanza kulibomoa: Kasuku juu ya ngazi, Baba chini na nyundo, anatoa amri tu.

Harufu ikampiga Kasuku, manyoya na mbao kuukuu. Palepale akarudi kuwa mtoto wa miaka saba. Mwaka ule mayai yalikuwa yanapotea, yanabaki maganda yaliyobonyea. Ni yeye aliyemwona dada yake akitoka bandani anajifuta mikono, akatoka mbio hadi kwa Baba. Dada akalazwa njaa, akabandikwa jina la mnyama mwizi wa mayai: Kicheche. Likaganda mpaka leo, majirani wengine hawalijui jina lake jingine.

Akafungua sanduku ambamo njiwa wawili wa mwisho walikuwa wametaga. Akachungulia ndani.

Nyoka mwembamba, wa kijivu, madoa meusi mgongoni, shingo imevimba kama amemeza balbu. Angekimbilia wapi na mzigo ule? Akajipinda, kukasikika mvunjiko mdogo, uvimbe ukanywea. Kisha akapiga mwayo, akatema ganda limekunjwa kama bahasha.

"Baba, panda uone."

"Kwa magoti gani?"

Akamshushia ganda. Baba akaligeuza kiganjani muda mrefu.

Kasuku akashuka, akampigia dada yake, akaweka spika.

"Dada, mwizi wa mayai ni nyoka."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu kipindi kile. Na msimuue, hana sumu, hata meno ya maana hana. Akikasirika anasugua magamba tu, utadhani mafuta yanachemka kikaangoni. Yule wangu nilikuwa napitia kumwona kila nikitoka shule."

"Sasa mbona ulikubali kulala njaa?"

"Baba angemtwanga nyundo. Na wewe ningekwambia, si ungeutangazia mtaa mzima?"

 

Baba akakohoa, akausogelea mkono wenye simu. "Nilikulaza njaa mara mbili."

"Tatu, Baba."

"Mbili bwana."

"Tatu. Ile ya mwisho Mama alikuwa amesafiri."

Baba akaiweka nyundo chini. "Basi mwanangu, una milo mitatu yako hapa. Njoo uile kabla sijahama."



"Banda mmeshalibomoa?" Kicheche akauliza.

"Tumeng'oa mlango tu."

"Naja Jumamosi. Urudisheni."

Baba alikuwa ameshainama kuokota misumari.