Tumekupa Mji

Asubuhi ile Bi Shazia alikuwa amekaa mlangoni mwa ghala, juu ya kreti lililopinduliwa, akishona gunia lililopasuka pembeni. Jina hilo alipewa na wachukuzi kwa sababu ya shazia yake, ile sindano nene ya magunia, ambayo isipokuwa mkononi basi ameichomeka kwenye kilemba. Alipoinama kuokota uzi, panya mmoja wa kijivu akatoka chini ya mlango, mchana kweupe, akiyumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Akaketi kitako mbele yake, akakohoa.

"Kitendawili," akasema panya.

"Tega," akajibu Bi Shazia.

Alikuwa amelelewa vizuri, ndiyo maana. Mtu akisema hodi unasema karibu, akisema kitendawili unasema tega. Ulimi hauombi ruhusa. Neno lilipokwisha kumtoka ndipo akakumbuka marehemu bibi yake alivyokuwa akimfinya paja na kumwonya: tega unamwambia mtu, mjukuu wangu, mnyama humwambii.

"Nazaliwa kwenye shibe ya mmoja, nafia kwenye njaa ya wengi," akasema panya. "Nikijibiwa, narudi kwetu nikafie huko, na yote niliyobeba. Nisipojibiwa, nipeni mji."

Hiyo ndiyo sheria ya vitendawili, hata watoto wanaijua: ukishindwa unampa mtegaji mji, naye huenda akala, akanywa, akastarehe humo, ndipo akurudie na jibu. Watoto hupeana miji wasiyowahi kuiona. Panya huyu alitaka mji wenye watu.

Jibu Bi Shazia alilijua. Lilikuwa nyuma ya mgongo wake, limejaa mahindi mpaka darini yakingoja bei ipande, na chini ya mbao za sakafu yake kila saa kulisikika kitu kama mtu anayekunjakunja karatasi. Akafungua mdomo. Kisha akakumbuka kuwa mkwewe ni mchukuzi wa ghala hilohilo, na kwamba hata yeye anakula kwa magunia ya ghala hilohilo.

"Ngoja nikaulize wakubwa," akasema.

"Hakuna neno," akasema panya. "Muda ninao kidogo. Homa bado haijapanda sana."

Viroboto walikuwa wakimtembea shingoni.

Wakubwa walikutana ofisini kwa Mwenye Ghala: Mwenyekiti wa mji, Bwana Afya, na Mwenye Ghala mwenyewe. Karani alipangusa kigoda, akamwekea panya karibu na mlango. Bi Shazia alisimama ukutani, kwa kuwa viti vilikuwa vimekwisha.

Bwana Afya alitundika ramani, akaanza kuchomeka pini kila mahali palipookotwa panya waliokufa. Hakuhitaji kusukuma. Mtaa wa Nyuma, ulio mgongoni mwa maghala, ulikuwa umejaa matundu ya pini za zamani, za enzi za mama yake Bi Shazia na za enzi za bibi yake, na kila pini mpya ilizama yenyewe kama mguu kwenye kiatu chake.

"Tauni huja, ikala, ikalala," akasema Bwana Afya. "Hulala kwa panya mpaka waliozika nao wazikwe. Ikiamka, inaamkia palepale."

"Sawa. Jibu ni nini?" akauliza Mwenyekiti.

Mwenye Ghala alikuwa akiangalia kucha zake.

"Jibu nani asiyelijua, Mwenyekiti?" akasema Bwana Afya.

"Basi liseme wewe."

"Mimi? Mimi ni wa ramani."

"Likisemwa," akasema Mwenye Ghala, "hawa wote wanarudi kufia chini ya sakafu yangu, na mahindi yangu yanapigwa moto. Nani kati yenu anakula majivu? Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Mwenyekiti akajifuta jasho la shingo.

"Tumeshindwa," akasema.

"Kweli?" akauliza panya.

"Kweli kabisa. Kigumu mno."

"Basi nipeni mji."

Bi Shazia aliujua kabla haujatajwa. Mtaa wa Nyuma ndiko alikoolewa binti yake, mtoto wake wa pekee, na mimba yake ilikuwa imefika mwezi wake. Akajing'oa ukutani.

"Panya wa gha..."

"Chukua Mtaa wa Nyuma," alikuwa ameshasema Mwenyekiti.

Panya akamgeukia Bi Shazia. "Nimekusikia, mama. Ila mji nimeshapewa. Hata kwetu kuna adabu."

Akashuka kigodani taratibu, kama mzee mwenye goti bovu. Karani akamshikia mlango.

Bi Shazia alikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani. Mdomoni mwa mtaa, askari alikuwa akifunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo.

"Kuingia ruksa, mama," akasema askari. "Kutoka ndiyo hakuna."

"Nikiingia kumtoa mwanangu?"

"Basi mtakuwa wawili," akasema, akakaza fundo.

Akainama, akapita chini ya kamba.

Binti yake alikuwa anafagia. "Mama! Mbona kiatu kimoja?"

"Panda kitandani."

"Subiri nimalizie hapa mlango..."

"Panda kitandani nimesema, usikanyage chini!"

Kitu kikaanguka kutoka darini, pu! Panya mfu. Kikaanguka kingine nyumba ya pili. Kisha mtaa mzima, pu, pu, pu, kama matone makubwa yanayotangulia mvua. Jirani wa ng'ambo akatokeza kichwa dirishani, sufuria mkononi.

"Tumetolewa?" akauliza.

"Tumetolewa," akasema Bi Shazia.

"Tena?"

"Tena."

Jirani akafunga dirisha.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na watu wakadhani ni fumbo. Bi Shazia alichemsha mashuka, akachemsha khanga, akamkagua binti yake pindo kwa pindo kwa ncha ya shazia, na kila kiroboto aliyempata alimpasua kwa ukucha. Kwa haraka yake akamchoma mara kadhaa. Binti hakulalamika. Alikuwa ameikunja miguu juu ya kitanda kama mtu aliyeko ndani ya mashua, anaangalia sakafu.

Mkwewe alirudi jioni akichechemea. Alisema kinena kinamvuta, labda ni yale magunia. Mtoki ulikuwa umetuna kama yai. Alilala nje, mwenyewe kwa hiari yake, akazikwa na mchukuzi mwenzake, ambaye kesho yake naye alizikwa na mwingine.

Panya wa kijivu alikuwa akipita mlango hadi mlango wakati wa magharibi, anabisha hodi kwa heshima. Hata kwa walionyamaza aliingia. Alipofika nyumba ya binti, Bi Shazia alitoka akajibana mlangoni, shazia mkononi.

"Nichukue mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyesema tega."

"Mimi sichagui, mama." Pumzi zilikuwa zikimkwama, na ilionekana anasikitika kweli. "Ningepewa mtu ningekwenda na mtu. Nimepewa mji."

Akapita kati ya miguu yake.

Mtoto alizaliwa juu ya kile kitanda, wa kike, mwenye sauti. Mama yake alimnyonyesha asubuhi, akambadilisha ziwa, akasita.

"Mama, kwapa hili linaniuma. Hebu angalia."

Bi Shazia akaangalia.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Kumbe umeona," akasema binti, akamkabidhi mtoto.

Kamba ilipofunguliwa, panya alirudi ofisini kumaliza kitendawili, kama inavyotakiwa. Karani akampa kigoda kilekile.

"Nilikwenda mjini kwenu," akasema panya, "nikala, nikanywa, nikalala vitanda vyenu. Nilikuta shibe haiko. Jibu ni panya wa ghala."

"Alaa!" akasema Mwenyekiti, akapiga makofi. "Kumbe kilikuwa karibu hivyo!"

Panya akafa palepale. Karani akapangusa kigoda. Bwana Afya alichomoa pini zake akazirudisha kwenye kopo, matundu aliyaacha. Mwezi uleule mahindi yakapanda bei, na ghala likapakwa rangi.

Mjukuu alikua. Bi Shazia alimfundisha kuitikia hodi na kuitikia salamu. Kitendawili hakumfundisha. Wenzake walipotegeana yeye alikaa pembeni, midomo ameibana, wakampachika jina la Kufuli.

"Bibi," aliuliza siku moja, "nikinyamaza kabisa, panya ataondoka?"

"Ataondoka," akasema Bi Shazia. Hakujua. Hakuna aliyewahi kunyamaza.

Wakati huo Mtaa wa Nyuma ulikuwa umejaa tena. Wapangaji wapya walikuja kutoka kila upande, wamefuata kodi rahisi, na wakashangaa kukuta mahali pazuri hivi, karibu na kazi, pamebaki wazi.

Alasiri moja, nyumbani, mjukuu alikuwa anamtungia bibi yake uzi kwenye shazia, maana macho ya Bi Shazia yalikuwa yameshachoka. Panya mwingine wa kijivu akatoka chini ya mlango, akayumba, akaketi, akakohoa.

"Kitendawili," akasema.

Mtoto akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Bi Shazia akaweka mkono wake juu ya ile. Panya akangoja, haraka hakuwa nayo. Kiroboto mmoja akaruka, akatua kwenye gunia. Bibi na mjukuu hawakupumua.

Ndipo kutoka uani kwa jirani mgeni, ng'ambo ya ukuta, ikaja sauti changamfu ya mtu aliyelelewa vizuri:

"Tega!"