Hamali Nyundo Kavishwa Buti

Walikuwa wamemvisha buti. Mzee Wino alisimama mlangoni mwa ukumbi, akaitazama ile sanamu ya kadibodi kwa jicho lake moja zima, damu ikamchemka. Maisha yake yote alimchora Hamali Nyundo pekupeku, mbeba mizigo wa sokoni aliyewatandika wala rushwa kila wiki katika gazeti la katuni. Pekupeku! Sasa miguuni mwake ziling'aa buti za kampuni iliyodhamini sherehe.

"Mzee, kaombe barabarani," mlinzi alisema.

"Mimi ndiye niliyemchora huyo."

"Aliyemchora alishakufa. Huoni pale?"

Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta. Ilikuwa picha yake ya ujanani, na chini yake maandishi: Marehemu Wino, baba wa Hamali Nyundo. Redio ndiyo iliyomleta. Ilisema katuni zake za zamani zinazinduliwa upya, safari hii zikiwa kitabu, naye akajidanganya kwamba sasa watamkumbuka, walau jicho lililobaki litibiwe kabla halijamfuata mwenzake. Kumbe walishamzika.

Akapaza sauti, akalitukana jengo zima. Mchapishaji akatoka, tumbo mbele, tai nyuma. Alimtambua papo hapo wala hakushtuka.

"Mwite mwanawe," alimwambia mlinzi.

Mwana mwenyewe alikuwa na mvi. Alikuja ndani ya suti ya kuazima, kifuani amebandikwa kitambaa kilichoandikwa "Familia".

"Baba, nani kakwambia uje?"

"Umeniua lini, mwanangu?"

"Mwaka jana. Walitaka mrithi atie saini. Ulipokuwa hai walikupa nini? Umeusugua mlango wao tangu sijaoa! Ulipokufa ndipo wajukuu zako wakarudi shule."

"Na jicho langu?"

Mwana akakinyoosha kile kitambaa cha kifuani.

Mchapishaji alicheka kidogo. "Ingia, mzee, ukaseme uko hai. Maikrofoni ile pale. Mimi nitasema nililetewa cheti cha kifo, nikaamini. Cheti cha kughushi hicho. Mgeni rasmi wetu ndiye mkuu wa polisi. Atamfunga pingu nani, mimi au huyu?"

Mzee Wino aliwachukia wote wawili, mwanawe zaidi, kwa kuwa huyo yeye mwenyewe alimbeba mgongoni akiwa mtoto mchanga. Akaingia. Hakuna aliyemzuia. Alipita katikati ya viti, macho ya watu yakikwepa viraka vya koti lake, hadi akaiona maikrofoni vizuri.

"Baba," mwanawe aliita nyuma yake. Mara moja tu, kwa sauti ile ya utotoni, ya kuomba asichapwe.

Mzee Wino akaipa maikrofoni kisogo. Akajitupa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Mchapishaji akampita, akapanda jukwaani, akatoa leso na kufuta macho makavu.

"Wino alikuwa ndugu yangu," alisema. "Tulikula sahani moja. Naomba tusimame dakika moja, tumkumbuke."

Viti vikakwaruza sakafu. Ukumbi mzima ukasimama, mkuu wa polisi mbele, mwana wa marehemu kando yake. Mzee Wino peke yake ndiye aliyebaki ameketi.

Mama mmoja aliyenukia manukato alimgeukia kwa hasira, akamnong'oneza:

"Mzee, huna hata adabu? Simama, anakumbukwa marehemu."

Mzee Wino akasimama, akainamisha kichwa.