Jenerali Qiao Shambani Kwetu

Jeneza la Jenerali Qiao Bingzhang lilifika kijijini Qiaozhuang mwezi wa pili, juu ya mkokoteni wa nyumbu, na hakuna aliyetoka kulipokea. Nyuma yake alitembea binti yake, Wanru, nguo zake nyeupe za msiba zimejaa vumbi la njia nzima kutoka Tianjin.

Jenerali alikuwa mtu wa hapa hapa. Baba yake aliuza tofu, na wazee waliomjua utotoni walimwita Mbwa wa Pili. Alikimbia njaa akaingia jeshini, na miaka ishirini baadaye, mwaka wa ukame, akarudi na farasi mia tatu na magunia ya mtama. Aligawa nafaka nyumba kwa nyumba, akapiga magoti kwenye kaburi la mama yake, akalia hadi kofia yake ikaanguka. Siku ya tatu akaomba vijana. Alisema atawarudisha wakiwa maofisa. Nani angemkatalia mtu ambaye uji wake bado uko tumboni? Waliondoka themanini na watatu, mmoja wao Shuanzhu, mume wangu wa miezi mitano.

Mwaka uliofuata jenerali mwingine alimzidi nguvu kwenye daraja la reli. Vijana wetu waliamriwa walishike daraja hadi jioni. Qiao mwenyewe aliondoka asubuhi kwa treni, pamoja na wake zake na vizimba vya kware wake. Walirudi sita. Tangu hapo, mtu akikutoroka wakati wa shida, kwetu husemwa amekupandia treni.

Mzee Decun, mkuu wa ukoo, alimweleza binti kwa upole kwamba makaburi ya ukoo hayatafunguliwa. Wanru akasema baba yake hakutaka kingine ila kulala miguuni pa mama yake. Akasimulia alivyomjua yeye kama binti: mzee wa kikohozi, aliyelisha kware kwa mkono, aliyemchana bintiye nywele binti alipougua. Watu walisikiliza wakiangalia chini. Huyo sisi hatukumjua.

Jeneza likakaa siku mbili nje ya kijiji, limefunikwa mkeka. Siku ya tatu mama mkwe wangu, Bibi Geng, alichukua bakuli la uji akaenda huko. Nilimfuata kwa sababu magoti yake yalikuwa mabovu. Alimpa binti uji, akangoja amalize.

"Mwanangu, nikuulize. Baba yako aliwahi kumtaja Shuanzhu? Kijana mrefu, ana kovu kidevuni."

Wanru alilishika lile bakuli tupu kwa muda. Nilitamani aseme ndiyo. Uongo huo ungetutosha maisha yote.

"Hapana, Shangazi. Hakumtaja yeyote. Nilimuuliza habari za daraja mara moja tu. Akaacha chakula mezani, na siku tatu hakusema nami."

Mama mkwe alilichukua bakuli lake. Kisha akasema wale sita kila mmoja alimletea Shuanzhu wake: huyu alimwona akipigwa risasi, yule akiogelea kuvuka mto, mwingine kasikia ameoa kusini. Wote walitaka kumpoza moyo. Akamgeukia Mzee Decun, aliyekuwa amekuja nyuma yetu, akamwambia jenerali azikwe shambani kwetu.

"Shemeji, akili zimekuruka?"

"Wewe unajua baba yako alipolala. Mimi sina hata kiatu cha mwanangu. Niachie huyu, niwe na mtu wa kumuuliza."

Nyumbani nililalamika. Nilimwambia mwenye kulima shamba lile ni mimi, na ni mimi nitakayelizunguka kaburi lake na jembe.

"Basi lima," akasema. "Mtukane ukitaka. Safari hii haendi popote."

Jenerali alipozikwa, kila alasiri mama mkwe alikwenda kukaa pale kaburini. Mwanzoni alimtukana, matusi ambayo sikujua anayajua. Baadaye akawa anamweleza tu: Shuanzhu alivyochelewa kutembea, alivyochukia vitunguu. Hata mimi, siku moja nikipalilia, nilijikuta namwambia kwamba wanaume wawili wamekuja kuniposa nikawakataa, kwa sababu ya yule aliyesema alimwona akiogelea. Sikuwa nimemwambia mtu mwingine neno hilo.

Wanru alikuja kila mwaka, siku ya kusafisha makaburi, akala na kulala kwetu. Mwaka wa nne alimkuta mama mkwe kitandani, hajiwezi, na majira ya baridi yaliyofuata tukamzika. Kisha vita vikaja, na mto ukavunja kingo.

Wanru alirudi maji yalipokauka, kwa miguu, nywele zimeanza mvi. Shamba lote lilikuwa tope la manjano lililopasuka, halina mpaka wala tuta la kaburi. Akaniuliza kaburi liko wapi. Nililima pale miaka yote hiyo, lakini sikuweza kusema. Nikamwonyesha mahali popote, ili tu nimwonyeshe. Akapiga magoti, akawasha karatasi zake za sadaka kwa marehemu. Nami nikapiga magoti kando yake, bila kujua ni nani aliye chini yetu.