Mshika Kamba wa Dakadima

Ndege ya miraa hutua Dakadima saa tatu asubuhi. Jumamosi ile ilishusha magunia kumi na manne ya miraa pamoja na watu saba wa Nairobi waliokuja kupanda jiwe. Magunia yalipokewa kwanza. Wale watu wakabaki wamesimama kwenye vumbi la uwanja na mabegi yao mpaka Kaltuma alipowafuata na punda, kwa kuwa yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwapikia na kuwaonyesha njia.

Walikuwa watu wa ofisini ambao jioni, huko kwao, hupanda kuta za mbao ndani ya ukumbi kwa kushika vinundu vya plastiki vya rangi rangi. Mwalimu wao, binti mkakamavu aitwaye Mwende, alikuwa amewaahidi jiwe la kweli. Jiwe la Dakadima ni la kweli. Ni graniti nyekundu iliyosimama peke yake kwenye tambarare, nusu siku kwa gari kutoka Takaba. Wenyeji hawalipandi. Juu hakuna majani wala maji, na mtu mwenye akili zake hapandi mahali ambapo hata mbuzi wamekataa.

Kaltuma hakuwa na habari na mawe. Alikuwa na lake. Mumewe, Abkul, alikuwa mshika kamba wa visima: mchimbaji akishuka chini, yeye ndiye hubaki juu na kamba mikononi. Miaka mitatu nyuma, siku ya mnada wa mbuzi, gari jeupe lisilo na namba lilisimama mbele ya kibanda cha chai, watu wanne wakamwingiza ndani, likaondoka. Chai yake ilibaki nusu kikombe. Tangu siku hiyo Kaltuma alikwenda kituoni kila mwezi, na kila mwezi sajini alifungua kitabu, akatazama ukurasa wa Abkul, akamwambia hakuna jipya. Shida ni kwamba sajini huyo ndiye aliyekuwa amekaa mbele ndani ya lile gari, kioo kimeteremshwa, na soko zima lilimwona. Lakini Dakadima ina kitabu kimoja tu.

Watu walimwambia subira huvuta heri. Kwa miaka mitatu haikuwa imevuta hata mbuzi. Alitaka kimoja kati ya viwili, mume au kaburi, na chochote kati ya hivyo angekipokea kwa mikono miwili.

Walipofika chini ya jiwe, Mwende aligundua kwamba begi la kulabu za kufungia kamba lilikuwa limebaki ndani ya ndege, na ndege ilikuwa imeshakwenda Mandera na miraa iliyosalia. Hakutaka kuwaharibia watu wikendi. Alizunguka nyuma kwenye mteremko, akapanda mpaka juu na kamba tupu, akatafuta mahali pa kuifunga. Aliona ufa mwembamba. Alipoingiza ncha ya kamba, ufa uliipokea ukaishika. Akaikalia, akaivuta kwa uzito wake wote, haikutoka. Akashuka akawaambia wenzake kwamba huko juu ni imara.

Wakaanza kupanda mmoja mmoja. Kila aliyepanda hatua, kamba ilivutwa kutoka juu kiasi cha hatua hiyo, isilegee wala isimkaze. Kijana mmoja aliteleza karibu na kilele akaning'inia hewani, na kamba ikamshika bila kumtikisa.

"Hii iko poa kuliko ya gym," alisema aliposhuka, akijipangusa chaki mikononi.

Kaltuma alikuwa akipika anjera kando. Alitazama kamba kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama, ndipo akaona kwamba kila baada ya mvuto ilitikiswa kidogo, mara moja. Ndivyo Abkul alivyofanya, ili aliye kisimani asidhani ameachwa. Washika kamba wengine wote walimcheka kwa kupoteza nguvu bure. Anjera iliungua kwenye kikaango, na Kaltuma hakuigeuza.

"Nani ameshika hiyo kamba?" aliuliza.

"Hakuna mtu, mama," Mwende alisema. "Imeshikwa na ufa tu."

"Huyo ni bwana yangu. Abaayo, dada, nifunge mimi. Mimi nabanda," Kaltuma alisema, p ikimgeukia b kama kawaida yake.

Mwende alimtazama, akaupima mkanda kiunoni mwake, akaufunga juu ya dera. Akamwambia atangulize mguu, mkono ufuate.

Abkul alimvuta polepole, akisubiri kila mara goti la kushoto la Kaltuma, ambalo ni bovu na watu wachache wanajua. Kule juu Kaltuma aliukuta ufa. Haukutosha kuingiza kiganja. Alilala kifudifudi akaongea ndani yake. Alimwambia kwamba binti yao Ikran ameanza shule, kwamba ngamia mwekundu amezaa, kwamba mama yake Abkul amefariki mwezi wa Rajabu akiulizia jina lake. Hakujibiwa kwa sauti. Kamba ilivutwa mara mbili.

Visimani, kuvuta mara mbili ni neno la aliye chini, akiomba kutolewa. Abkul hakuwahi kulisema maishani mwake, maana siku zote alikuwa mtu wa juu.

Kaltuma aliwaita, nao wote saba wakapanda kupitia mteremko. Watu wanane walivuta mpaka alasiri, viganja vikachubuka. Wakapumzika, wakavuta tena. Kamba haikusogea hata kidole kimoja. Jioni Mwende alimshika bega, akamwambia kwa upole kwamba wamejaribu. Jumapili asubuhi walipanda mara tisa zaidi kabla ya ndege kuja, kwa kuwa kamba ilikuwa ipo.

Jumatatu Kaltuma alikwenda kituoni.

"Afande, nimebata bwana yangu."

"Yuko wapi?" sajini aliuliza.

"Ndani ya jiwe. Ameshika kamba ya wageni."

"Ni mzima?"

"Kamba iko nashikwa. Mtu amekufa hashiki kamba."

Sajini alifikiri. Akafungua kitabu, akaomba majina ya mashahidi, akapewa saba na namba zao za simu. Aliandika kwa hati nzuri: Amepatikana. Akapiga muhuri.

"Basi, mama. Aliyepatikana hatafutwi. Usirudi tena kwa mambo haya."

"Na mtu alimweka huko?"

"Hilo halimo kwenye ukurasa huu," sajini alisema, akafunga kitabu.

Watu wa Nairobi waliendelea kuja. Waliambiana kwamba Dakadima hubebi kitu ila viatu. Dakadima nayo ilifurahi, mgeni njoo mwenyeji apone, mwenye punda akapata na mwenye duka la maji akapata. Kaltuma alijifunza mafundo yote, akawa ndiye anayewafunga wageni mikanda. Kila Jumamosi alipanda kwanza, akawekewa ile mivuto miwili mkononi, akashuka kupika.

Mwezi wa tatu tangu hapo sajini naye alikuja, na suti ya michezo mpya. Alivua bastola akampa askari wa akiba amshikie, akasimama mbele ya Kaltuma na mikono juu ili afungwe. Kaltuma alimfunga vizuri. Fundo baya lingekuwa kazi yake yeye, naye alitaka iwe kazi ya Abkul. Kisha alisogea mahali pa kuona vyema, akamwomba Mungu waziwazi kwamba mumewe aiachie kamba.

Sajini alipofika juu kuliko mnara wa msikiti, miguu yote miwili iliteleza. Kamba ilimshika. Ikamngoja apate pumzi, ikamvuta mpaka kileleni, ikamshusha taratibu kama mtoto wa mtu.

Kwa mara ya kwanza tangu achukuliwe, Kaltuma alimkasirikia mumewe, kiasi kwamba macho yalimwuma.

"Bwana yako anajua kazi," sajini alisema, akijifungua mkanda.

"Anajua," Kaltuma alisema.

Sajini aliketi kwenye mkeka pamoja na wageni, akanyoosha miguu, akauliza kama kuna chai. Ilikuwepo.