Mavuno ya Kona ya Nne

Jumanne asubuhi Khamphaeng alikuwa akipiga pasi bendera ya njano, ile ya kuwaonya waendesha pikipiki, simu ilipolia. Bendera za uwanja wa mbio hazihitaji pasi. Yeye huzipiga, kwa sababu dunia nzima huziona kwenye televisheni, na Isan, kwao kaskazini-mashariki mwa Thailand, haitaonekana na makunyanzi yeye akiwa hai.

"Mpunga umeota kona ya nne," alisema Bwana Wirot, mkurugenzi wa uwanja. "Umeshaiva. Na mkaguzi anafika kesho."

"Umeiva rangi gani?"

"Mama, mimi najua rangi za mpunga?"

Kona ya nne ilikuwa shamba la marehemu mama yake, Thongsi. Wapimaji walipokuja, waliandika kichaka kisicho na mwenyewe. Khamphaeng alilalamika ofisi hadi ofisi mpaka soli za viatu zikaisha. Uwanja ukajengwa, ukapendeza, naye akaomba kazi ya bendera, akapangiwa papo hapo konani. Alichokuwa bado anakitaka ni kimoja tu: kibao chenye jina la mama yake.

Mwanzoni uwanja ulikuwa na mbio za mkoa tu, watazamaji wakija na mikeka yao. Kisha Wajapani wakaleta pikipiki, Wahispania wakafuata, na sasa shirikisho la kimataifa lingeupa daraja la juu kabisa, mkaguzi akiridhika. Watu wa Isan, ambao Bangkok imezoea kuwaona wakifagia na kuendesha teksi, walikuwa wamepaka chokaa hadi mashina ya miti.

Wirot alileta mashine. Zilifyeka, mpunga ukarudi kabla injini hazijapoa. Aliambiwa kwamba mpunga huvunwa kwa ujima: mwenye shamba huwaalika majirani, huwalisha, nao humvunia. Basi akawaalika wafanyakazi wake, akaagiza kuku wa kukaanga na soda baridi, akatoa hotuba. Wakavuna. Mpunga ukarudi wakiwa bado wanafuta midomo.

"Labda hotuba ilikuwa fupi," alisema Bunlai, jirani yake Khamphaeng.

Jioni Wirot alikuja mwenyewe nyumbani kwa Khamphaeng, akavua viatu mlangoni.

"Nitaalika watu," Khamphaeng alisema. "Na kibao?"

"Tumalize hili kwanza, mama."

"Mlisema hivyohivyo mkiwa mnapima."

Wirot alitazama viatu vyake.

"Uache uote, dada," alisema Bunlai, aliyekuwa ameketi naye. "Mkaguzi akague mpunga."

Hilo lilikuwa jambo rahisi kabisa. Asingehitaji hata kuinuka. Lakini Khamphaeng alimwona akilini yule mkaguzi akirudi kwao Ulaya na kusema kwamba uwanja wa Isan una majani.

"Watatucheka mpaka Bangkok," alisema. "Nenda kanoe mundu, na uache mdomo."

Kulipokucha majirani walikuwa konani, na wali wa kunata, na kachumbari ya papai bichi yenye samaki wa kuvundika wanaonuka inavyotakiwa. Mkaguzi aliwakuta wakivuna. Alisubiri pembeni, akapewa tonge, akala, akaomba pilipili zaidi. Walipomaliza, hapakurudi hata jani moja. Alipiga magoti, akaipapasa lami. Haikuwa na ufa.

"Shamba la nani hili?" aliuliza.

Wote walimtazama Khamphaeng, aliyekuwa akigawa maji.

"La uwanja," alisema Wirot.

Mkaguzi akaandika.

Daraja la juu likapatikana. Siku ya mbio majukwaa yalifurika hadi watu wakapanda miti. Mshindi, Mwitalia, aliwaambia waandishi kwamba hajawahi kulaza pikipiki kwenye kona nzuri kama ya nne, na kwamba inanukia wali mpya.

"Ya mama yangu hiyo!" Khamphaeng alimpigia kelele Bunlai katikati ya ngurumo, bendera mkononi, imenyooka kama karatasi.

Tangu hapo mpunga huiva kila mwaka, Jumanne ya wiki ya mbio. Vitambulisho vya wapiga bendera huanza kutumika Ijumaa, kwa hiyo Wirot humtumia Khamphaeng kingine mapema, kigumu, chenye picha nzuri. Chini ya picha pameandikwa MGENI. Bila hicho walinzi hawaruhusu mundu kupita.

Khamphaeng hukivaa shingoni, akapita getini, akaanza kuwakaribisha watu shambani.